Chawa Mwenye Jembe Lake

Leo nimekuja na chawa.

Usianze kujikuna. Wala sizungumzii wale chawa wengine, wanaotembea nyuma ya wenye majina wakiwashikia simu na kucheka kabla mzaha haujaisha. Hao wana vipindi vyao, na pengine wawili watatu wananisikiliza sasa hivi, nawasalimu. Chawa wangu wa leo ni ua. Anakaa msituni, chini ya mialoni, upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini, kuanzia Manitoba na Quebec kule Kanada hadi Florida na Texas. Wataalamu wa mimea wanamwita Pedicularis canadensis. Neno hilo la kwanza linatokana na pediculus ya Kilatini, na pediculus ni chawa, huyu huyu wa nywele na wa pindo la shati.

Jina hilo lilitokana na kusingiziwa. Wafugaji wa Ulaya ya zamani waliamini kwamba kondoo akichungwa penye maua ya ukoo huu atajaa chawa. Tukifikiri kidogo tunaweza kuona walivyopotoka. Maua haya hupenda sana malisho duni, yenye majimaji au udongo uliochoka. Kondoo anayelishwa mahali kama hapo hudhoofika, na mnyama dhaifu ndiye anayevamiwa na chawa. Ua lilikutwa limesimama penye tukio, likabebeshwa kesi. Linnaeus wa Uswidi alipoipanga mimea ya dunia katika kitabu chake cha mwaka 1753 alilikuta jina limeshazoeleka, akalipitisha. Hili la Kanada lenyewe alilipa jina lake mwaka 1767.

Kinachonichekesha ni kwamba ua hili ni mnyonyaji kweli. Halikupeleka chawa kwa kondoo hata mmoja, lakini chini ya udongo lilikuwa na shughuli zake, na wafugaji waliotukana ukoo wake karne nenda karne rudi hawakuwa na habari nazo. Walimpa mtu jina la mwizi kwa kuku ambaye hakumwiba, kumbe ana mbuzi wa jirani zizini.

Redio haina picha, kwa hiyo fumba macho tuende pamoja. Isipokuwa wewe uliyeshika usukani.

Ni mwezi wa nne, au wa tano kwa kule kaskazini zaidi. Baridi imeondoka juzi tu. Mialoni haijavaa majani bado, na jua linapenya mpaka chini, kwenye zulia la majani makavu ya mwaka jana. Hapo chini, karibu kabisa na ardhi, kuna majani yaliyochanika pembeni kama ya kangaga, yana manyoya, na yanapotoka mara ya kwanza huwa na rangi nyekundu ya kiza, kama zabibu. Katikati yake kinasimama kikonyo ambacho hakifiki gotini: sentimita 15, au 40 kikijitahidi sana. Juu ya kikonyo maua yamebanana. Mengi ni ya njano, mengine yana wekundu wa kahawia, na mengine yana rangi zote mbili. Ukiinama ukayatazama kutoka juu utaona hayakupangwa ovyo. Yanazunguka upande mmoja kama mapanga ya pangaboi. Kila ua lina midomo miwili. Wa chini umetandazwa kama kizingiti, wa juu umejikunja mbele kama kofia ya koti la mvua.

Kofia hiyo ina kazi. Wakati huo huo wa mwaka, malkia wa nyuki fulani wanene, wenye manyoya kama blanketi na mvumo unaosikika mbali, wanaamka. Hawa si nyuki wetu wa asali. Kundi lao lote hufa baridi ikiingia, anabaki malkia peke yake, amejichimbia udongoni. Akiamka hana mfanyakazi hata mmoja, hana akiba, na ana ukoo mzima wa kuuanzisha. Anatafuta mbochi kwa haraka, na msituni bado hakujachanua vingi. Anaingia kwenye ua la chawa, anasukuma kichwa ndani, na kofia inampaka chavua mgongoni, mahali ambapo miguu yake haifiki vizuri kujipangusa. Padri mmoja wa Kifransisko, Lazarus Walter Macior, aliyekuwa mwanabotania huko Akron, Ohio, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyatazama maua ya ukoo huu na nyuki wake. Mwaka 1968 alichapisha makala ya kisayansi juu ya ua hili hasa, namna umbo lake lilivyokaa na mwili wa nyuki kama kufuli na ufunguo. Napenda kumfikiria padri amepiga magoti msituni kwa saa nzima, na mpita njia akidhani anasali.

Sasa tushuke chini.

Watunza bustani wa Ulaya walijua zamani kwamba mimea ya kundi hili ina kiburi. Ukiing'oa na kuihamishia kwenye chungu, inanyong'onyea. Maji unaipa, mbolea unaipa, haitaki. Mwaka 1847 Joseph Decaisne, mtaalamu wa mimea wa Paris, aliichunguza mizizi na kueleza sababu. Ilikuwa imeshikana na mizizi ya majirani. Si kupitana wala kusongamana, ni kushikana. Pale mzizi wa ua ulipogusa mzizi wa nyasi, palikuwa na kinundu kidogo kama punje ya ulezi, na ndani ya kinundu kitu kama ulimi kimepenya mpaka kwenye njia ya maji ya mwenzake.

Wataalamu wana neno lao la Kilatini kwa kinundu hicho. Sisi hatuhitaji kukopa. Wasikilizaji wa rika langu mnakumbuka, baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, tulivyolelewa na neno mirija. Mnyonyaji alikuwa na mirija. Katika hotuba mirija ilikatwa, katika michoro mirija ilitoka kwenye mdomo wa mtu mwenye kitambi mpaka kwenye mgongo wa mkulima. Basi hiki ndicho kilichopo chini ya mialoni ya Wisconsin na Ohio, kwa maana yake halisi kabisa. Ni mrija.

Lakini ngoja kabla hujaandamana. Mnyonyaji wa kwenye michoro hakuwa na jembe. Huyu analo. Majani yake ni ya kijani, yana umbijani, yanapokea jua na kujitengenezea sukari kama mmea mwingine wowote. Anachochukua kwa jirani ni maji na chumvichumvi za udongoni, na sukari kiasi. Ndiyo maana tunasema ni kimelea nusu. Ni sawa na yule jirani mwenye shamba lake na kazi yake, ambaye hata hivyo kila jioni mtoto wake yuko mlangoni kwako na kibakuli: mama anaomba chumvi, mama anaomba maji kidogo, na hivi vitunguu viwili. Humwiti mwizi. Humwiti mwaminifu pia.

Mbinu yake ya kuvuta ni rahisi. Mimea mingi ikifika usiku hufunga vile vitundu vidogo vya kwenye majani ili isipoteze maji. Vimelea nusu wa mizizini huviacha wazi. Maji yanatoka kwenye majani yao kwa wingi, na kadiri yanavyotoka ndivyo mvuto unavyoongezeka chini, na ndivyo maji ya jirani yanavyohama njia. Jirani amelala amefunga mlango, huyu bomba lake liko wazi usiku kucha.

Wala hachagui wa kumkopa. Mwaka 1963 mwanabotania Martin Piehl alichapisha utafiti wa kuchimba na kufuatilia mizizi yake, mzizi kwa mzizi, akakuta amejifunga kwenye makumi ya aina za mimea, nyasi, maua na miti, za jamaa ambazo hazihusiani hata kidogo. Asiyechagua hawezi kulala njaa. Na tena huyu ni wa kudumu. Majani yakifa kwa baridi, shina lake la chini, lililolala kama la tangawizi, linabaki hai, na mwakani linachipua na kusogea kidogo pembeni. Baada ya miaka anakuwa na mtaa mzima.

Nataka kukaa kidogo hapo kwenye kudumu. Mtu wa kupita anaweza kukopa mtaani, asilipe, akahama. Anayetaka kuzeekea mtaa ule ule hawezi kumfilisi jirani. Sisemi kwamba mmea unafikiri hivyo. Nasema mmea uliomaliza majirani zake wote haukubaki kutuachia wajukuu. Katika mbuga za nyasi za Illinois, ambako ua hili pia linaota, watafiti wameangalia linavyofanya. Zile nyasi ndefu, zinazopita kimo cha mtu na kuwafunika wengine wote, ndizo zinazopungua nguvu linapokuwapo. Zikipungua, jua linafika chini, na maua madogo yaliyokuwa yamezibwa yanapata nafasi. Kwa hiyo watu wanaorudisha mbuga zilizolimwa zamani wanatafuta mbegu za kimelea huyu na kuzimwaga makusudi. Kupe aletwe apunguze kiburi cha ng'ombe dume! Mimi ningekuwa nyasi ndefu ningekata rufaa.

Kuna jambo la mrija ambalo wanywaji wa dawa za miti shamba wanapaswa kulisikia. Mrija hauchuji vizuri. Huko milima ya magharibi ya Marekani, watafiti walikuta maua ya ukoo huu yana sumu ambayo hayaitengenezi yenyewe. Yaliivuta kutoka kwa majirani wenye sumu, pamoja na maji. Sumu hiyo huumiza ini la binadamu. Kwa hiyo mmea ule ule ukichumwa hapa hauna sumu hiyo, ukichumwa pale, hatua kumi kutoka hapo, una kitu ambacho hakimo kwenye kitabu. Swali la mganga, kwamba huu ni mti gani, halitoshi. Lazima aulize pia ulikuwa umekaa na nani.

Na dawa, ndiyo, watu walitumia. Wenyeji wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika, wakiwamo Waojibwe na Wamenominee, walimjua huyu mmea miaka mingi kabla Linnaeus hajashika kalamu. Huron Smith, wa makumbusho ya Milwaukee, alizunguka katika vijiji vyao miaka ya 1920 akiandika matumizi ya mimea. Katika aliyoandika juu ya huu limo jambo ambalo halihitaji tafsiri kwa msikilizaji wa Tanga wala wa Mombasa: mzizi unakatwakatwa vipande vidogo sana, unatiwa kwenye chakula kimyakimya, mlaji asijue, mapenzi yarudi. Limbwata, ndugu zangu. Limbwata la Wisconsin. Nimelitafakari sana hili, kwamba kati ya mizizi yote ya msituni walichagua ule wenye tabia ya kushika cha mwenzake na kutoachia. Labda ni bahati tu. Au labda mtu fulani, muda mrefu kabla ya Decaisne, alichimba taratibu kwa kijiti akaona.

Hapa naona mkulima wa Sengerema au Siaya ananyoosha kidole. Anasema: mtangazaji, unatusifia kimelea, mimi shambani kwangu ninaye, njoo umchukue.

Ana haki. Kiduha, ambacho Waluo wanakiita kayongo, ni binamu wa ua hili. Wako katika jamaa moja ya mimea, na mrija ni ule ule. Hata kwa majina wanaelekea kutaniana: jina la kitaalamu la kiduha ni Striga, na hilo nalo ni Kilatini, maana yake mchawi. Huyu chawa, yule mchawi. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kung'oa kiduha kwenye mahindi ya bibi, na nakumbuka kilivyonidanganya kwa uzuri. Vijiua vya zambarau, safi, kama vya kupamba kanisa. Bibi alinipigia ukelele nilipoweka kimoja sikioni. Mahindi yalikuwa yamenyauka na udongo una unyevu, na hilo ndilo lililowafanya wazee waseme kuna mkono wa mtu.

Mkono haukuwapo, mrija ulikuwapo, na ulianza kazi kabla kiduha hakijachomoza. Kiduha ni cha msimu mmoja. Hakitarajii kuzeeka na mtu. Mmea mmoja unatoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mtu apande. Zinajuaje kwamba amepanda? Jibu lilianzia Marekani, na lilianza kwa hofu. Mwaka 1956 wakulima wa North Carolina na South Carolina walikuta mahindi yao yananyauka, na chini yake vijiua vyekundu. Ilikuwa aina ya kiduha iliyotoka upande wetu wa dunia, haijulikani na mzee yeyote wa pale. Serikali ikaweka karantini mwaka uliofuata. Kwa jumla zaidi ya ekari 400,000 ziligundulika kuwa nacho, na kazi ya kukiondoa ikachukua miongo. Waliingiza udongoni hata gesi ya kuzidanganya mbegu ziote wakati hakuna mhindi, zife njaa.

Katika kazi hiyo, mwaka 1966, wanakemia walipata kutoka kwenye mizizi ya pamba kitu ambacho kiasi kidogo mno kinaiamsha mbegu ya kiduha. Wakakiita strigoli. Swali likabaki: kwa nini mmea utoe harufu ya kumwita adui? Mwaka 2005 ndipo watafiti wa Japani walipoeleza kwamba mwito huo haukuwa wa adui. Mmea hutoa vitu vya jamii hiyo kuita kuvu wema wa udongoni, wanaoushikia mizizi na kuuletea fosforasi. Udongo ukiwa umechoka, fosforasi hakuna, mmea unaita kwa nguvu zaidi. Kiduha kimelala karibu, kinasikia.

Bibi yangu alilima mahindi juu ya mahindi, kwenye udongo ule ule, kwa sababu hakuwa na mwingine. Kila mwaka mahindi yake yaliita kwa sauti kubwa zaidi. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa kituo cha icipe walijaribu kitu kinachokaribia msitu kuliko kiwanda: kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha halafu zinazizuia zisiweze kujishika, na wakati huo huo inaurutubisha udongo. Wakulima wanaijua kwa jina la vuta-sukuma. Shamba likiwa na zaidi ya mmea mmoja, mchawi anapungukiwa. Yule chawa wa kwenye mialoni hakupata kamwe shamba la mmea mmoja. Nadhani ndiyo maana tunaweza kumpenda. Sitaki kuapa angefanya nini akipewa ekari 400,000 za kitu kimoja.

Nimebakiwa na dakika chache, nizimalizie kwa dada yake huyo chawa wa mialoni.

Mwaka 1880, katika jimbo la Maine, mwanamke aitwaye Kate Furbish alikuwa akitembea kando ya mto Saint John. Hakuwa profesa. Alikuwa mchoraji aliyejipa kazi ya kuchora kila mmea wa jimbo lake, akiingia kwenye vinamasi na gauni lake refu, na aliacha michoro ya rangi inayozidi elfu moja. Kando ya mto ule aliona chawa wa njano ambaye hakumfahamu. Sereno Watson wa Harvard akathibitisha ni mpya, akalipa ua jina la Furbish. Baadaye likapotea machoni, na miaka ya 1970 lilihesabiwa kuwa limekwisha duniani. Kisha ukaja mpango wa bwawa kubwa la umeme. Sheria ilitaka mimea ya bonde ichunguzwe kwanza, na mwaka 1976 mchunguzi akalikuta pale pale ukingoni, zima.

Magazeti yalicheka sana. Chawa kuzuia bwawa! Kama lingeitwa taji la malkia, sidhani kicheko kingekuwa kikubwa hivyo. Mwaka 1978 likaingizwa kwenye orodha ya mimea inayolindwa na sheria ya Marekani. Bwawa halikujengwa, ingawa tusimpe chawa sifa zote. Gharama na wapinzani wengine walikuwa na sehemu yao.

Ua hili la Furbish linaishi kwa namna ya ajabu. Kila baada ya miaka kadhaa, barafu ya mto ikivunjika wakati wa joto kurudi, mapande yake yanakwangua kingo na kung'oa vichaka vyote, pamoja na maua yenyewe. Mengi yanakufa. Lakini ukingo unabaki wazi, na kwenye tope hilo tupu mbegu zinaota. Mche unakaa kama miaka mitatu kabla ya kutoa ua la kwanza. Muda wote huo juu huoni kitu, majani machache tu yamelala chini. Mizizi ndiyo inayopapasa gizani, pembeni, kutafuta nani mwingine amerudi.

Fundi mitambo ananionyesha saa.